Tusimwue Mgonjwa wa Sukari kwa Ukarimu



Hapa kwetu Bunia ukarimu ni sifa kubwa. Mgeni akifika, hata usiku, moto utawashwa na sufuria itatelekwa. Mwenye nyumba asiyemlisha mgeni husemwa vibaya mtaa mzima. Hatuna nia ya kuitukana desturi hii. Tumelelewa nayo, na twaipenda. Lakini leo twataka kusema neno gumu: ukarimu huu, kwa namna tunavyoutumia siku hizi, unawaua wagonjwa. Unawaua polepole, kwa kicheko na kwa nyimbo, na sisi wenyewe tumo katika kosa hilo.

Tueleze jambo lililotokea mbele ya macho yetu. Mzee mmoja wa shirika letu, fundi seremala, alikwenda kupimwa damu kwa sababu aliamka usiku mara nne au tano kwenda kukojoa, na kiu haikumwacha. Asubuhi, kabla hajala kitu, sukari yake ilikuwa 240. Daktari akamwambia ana ugonjwa wa sukari wa aina ya pili. Akampa vidonge, akamwagiza apunguze bugali, aache vinywaji vitamu vya chupa tunavyoviita sukre, ale mboga na maharagi, tena atembee kwa miguu. Mzee akarudi nyumbani na nia njema kabisa.

Haukupita mwezi, tukafanya karamu ya Komunyo ya Kwanza ya watoto. Mzee akaomba maji, mboga, na bugali kidogo. Tukacheka. Mmoja akasema, "Baba, umekuwa Mzungu?" Mwingine akasema, "Siku moja haiui mtu." Mama mwenye nyumba akanuna, maana alidhani chakula chake kimedharauliwa. Basi mzee akala kama wengine, akanywa chupa tatu za sukre. Sisi makatekista tulikuwa mezani pale pale. Hatukusema neno. Tena chupa ya pili tulimfungulia sisi.

Siku moja haiui mtu, ni kweli. Lakini baada ya Komunyo ilikuja arusi, baada ya arusi matanga, baada ya matanga ubatizo, na kila mahali sahani ilikuwa ile ile na kicheko kile kile. Mzee akachoka kukataa. Baadaye akauziwa dawa ya chupa, akaambiwa kwamba akiimaliza ataruhusiwa kula lolote, akaacha vidonge. Mwaka wa pili kiatu kilimchubua kidole cha mguu. Hakusikia maumivu, kwa hiyo hakukitazama. Kidonda kikaoza. Mwisho mguu ulikatwa chini ya goti. Leo mzee huja Misa kwa magongo, naye ni seremala asiyeweza tena kusimama mbele ya meza yake ya kazi. Tulipokwenda kumwomba radhi hakutukemea. Alisema tu, "Mngenipa maji siku ile." Neno hilo ndilo lililotufanya tuandike.

UGONJWA WENYEWE

Kwanza tuujue ugonjwa, maana asiyemjua adui hupiga hewa. Bugali, mkate, mchele, viazi, makemba na mihogo, vyote vikifika tumboni huvunjwa kuwa sukari. Sukari hiyo huingia katika damu, nayo ni kuni za mwili. Ili kuni ziingie jikoni, yaani katika nyama za mwili, lazima mlango ufunguliwe. Anayefungua ni insulini, maji yanayotengenezwa na kongosho, kiungo kilicho nyuma ya tumbo. Katika ugonjwa wa aina ya pili mlango umekuwa mgumu. Insulini hubisha hodi, mwili husikia kwa shida. Kongosho hujikaza mwaka hata mwaka, mwisho huchoka. Hapo kuni hujaa uani, na jikoni hakuna moto. Ndiyo sababu mgonjwa ana sukari nyingi katika damu, na hata hivyo anachoka na kukonda.

Mtu akipimwa asubuhi kabla ya kula, na damu yake ina sukari 126 au zaidi, kwa kipimo kinachotumika katika hospitali zetu, hiyo ni alama ya ugonjwa. Asipokuwa na dalili nyingine, hupimwa tena siku nyingine ili kuhakikisha. Mtu mwenye kiu nyingi na kukojoa sana, akikutwa na 200 au zaidi saa yoyote, yeye naye ni mgonjwa. Dalili nyingine ni macho kuona ukungu, vidonda visivyopona, na ganzi miguuni. Lakini wengi hawana dalili yoyote kwa miaka, na huku sukari inaharibu macho, mafigo, mishipa na moyo. Shirika la kimataifa linaloshughulikia ugonjwa huu lilikadiria mwaka 2021 kwamba watu wazima milioni 537 duniani wanao, na kati yao milioni 24 wako katika nchi zetu za Afrika. Zaidi ya nusu ya hao wa Afrika hawajui kwamba ni wagonjwa. Wahenga walisema: mficha maradhi, kilio humfichua. Hawa hawakuficha, hawakupimwa tu. Lakini kilio ni kile kile.

MANENO YA UONGO TUNAYOYASIKIA

Wako wanaosema, "Huo ni ugonjwa wa matajiri na wa Wazungu. Sisi maskini unatupatia wapi?" Jambo hilo si kweli hata kidogo. Tazameni sahani ya maskini wa Bunia. Watu wengi waliacha mashamba yao Djugu na Irumu kwa sababu ya vita. Kule kijijini walilima maharagi, mahindi, mtama na mboga. Wenye ng'ombe walikunywa maziwa. Kwenda shambani na kurudi ilikuwa mwendo wa saa nzima. Leo wako mjini au kambini, shamba hawana, na chakula kinachoshibisha kwa fedha kidogo ni unga wa mihogo. Basi sahani imekuwa kilima cha bugali, na pembeni kijiko cha sombe. Asubuhi chai yenye vijiko vinne vya sukari na mandazi mawili. Kutoka Mudzipela hata sokoni hupanda pikipiki. Tajiri huugua kwa kula vingi; maskini huugua kwa kula kitu kimoja. Ugonjwa hauulizi mfuko wa mtu.

Wako wanaosema, "Amepewa sumu," au, "Amelogwa." Na hapo huanza kumtafuta jirani mwenye macho mekundu. Katika nchi hii iliyomwaga damu nyingi kwa ajili ya masingizio, Mkristu anayetamka neno hilo bila ushahidi anawasha moto mkubwa kuliko ugonjwa wenyewe. Kipimo cha damu chasema sukari. Wewe wasema jirani. Umeona nini usichoonyeshwa na kipimo? Tena sumu ya mlozi haingojei uache sukre ndipo ipungue. Sukari ya mgonjwa anayefuata masharti hupungua, na hupimwa ikionekana imepungua. Hilo latosha kuwafunga kinywa.

Wako wengine, nao wanatutia huzuni zaidi kwa maana hutaja jina la Bwana, wanaomwambia mgonjwa, "Tupa vidonge, maana vidonge ni alama ya kukosa imani." Twawauliza: je, ninyi mkiona njaa hamli? Mbona hamsemi kwamba kula ni kukosa imani? Mungu aliyeumba chakula kwa ajili ya njaa ndiye aliyeumba akili ya daktari kwa ajili ya maradhi. Yoshua bin Sira, katika sura ya 38, anatufundisha kumheshimu tabibu, na kwamba dawa hutoka katika nchi kwa mapenzi ya Mwenyezi. Anafundisha pia kwamba mgonjwa asali. Hakusema asali tu, wala hakusema atumie dawa tu. Sisi twamwombea mgonjwa katika shirika, padre humpa Mpako Mtakatifu akizidiwa, na vidonge vyake viko mezani. Hakuna ugomvi kati ya hayo.

Wako wauzaji wa chupa. Hawa hukaa sokoni na vipaza sauti, na chupa moja huponya sukari, shinikizo la damu, utasa na mkosi. Mtu asidhani kwamba twadharau majani. Metformini, kidonge wanachopewa wagonjwa wengi wa sukari duniani kote, kilipatikana kwa kufuata habari za mmea mmoja wa Ulaya uitwao galega. Na daktari Mfaransa Jean Sterne aliandika mwaka 1957 jinsi alivyowatibu wagonjwa kwa dawa hiyo. Basi tofauti haiko kati ya majani na kidonge. Tofauti ni hii: kidonge kimepimwa, twajua kina gramu ngapi, kinashusha sukari kiasi gani, na nani asipewe. Wewe muuza chupa, ndani ya chupa yako mna nini, na kiasi gani? Nani alipima damu ya wateja wako kabla na baada? Ukishindwa kujibu, basi unauza maji ya majani kwa bei ya mguu wa mtu.

Mwisho, wako wanaosema, "Nimeacha sukari katika chai, yatosha. Natumia asali." Ndugu, asali nayo ni sukari. Na bugali, ingawa si tamu mdomoni, hugeuka sukari tumboni. Ulimi haujui kupima ugonjwa huu.

CHAKULA NI DAWA, LAKINI SI UCHAWI

Yako mambo mawili ya kushika pamoja, na watu hupenda kushika moja na kuacha la pili.

La kwanza: kubadili chakula kuna nguvu nyingi. Mwaka 2002 wataalamu wa Marekani walitangaza matokeo ya uchunguzi wa watu zaidi ya 3,000 ambao sukari yao ilikuwa imepanda, lakini bado hawajawa wagonjwa kamili. Waliopunguza chakula na uzito kidogo na kutembea dakika 150 kwa juma walipunguza hatari ya kuugua kwa 58 kwa mia. Waliopewa kidonge cha metformini walipunguza kwa 31 kwa mia. Sahani na miguu vilishinda kidonge. Tena mwaka 2017 wataalamu wa Uingereza walieleza habari za wagonjwa wenye uzito mwingi, ambao hawakuwa wameugua zaidi ya miaka sita. Walilishwa chakula kidogo sana kwa miezi mitatu hata mitano, chini ya uangalizi. Baada ya mwaka mmoja, karibu nusu yao, yaani 46 kwa mia, sukari yao ilikuwa imerudi chini ya kiasi cha ugonjwa bila vidonge. Kwa hiyo mtu aliyeambiwa jana kwamba ana sukari asijione amehukumiwa kufa. Mlango bado uko wazi, na kadiri anavyoanza mapema ndivyo ilivyo rahisi kupita.

La pili: si kila mgonjwa ataacha vidonge, na hakuna anayepaswa kuviacha kwa shauri lake mwenyewe. Wale wa Uingereza walipimwa na kuangaliwa kila wakati. Walikuwa wanene, mtu aliyekonda kambini asijinyime chakula kwa kuiga habari zao. Aliyeugua miaka mingi huenda kongosho lake limechoka, naye atahitaji vidonge zaidi au sindano ya insulini. Sindano si aibu wala si hukumu ya kifo. Kabla ya 1922 hakukuwa na insulini ya kumpa mtu; wagonjwa wengi, hasa watoto, walikufa huku madaktari wakiwanyima chakula tu ili kuwaongezea siku. Mwezi wa Januari mwaka huo, kijana wa miaka 14 alichomwa insulini huko Toronto, nchi ya Kanada, naye akaishi miaka mingine 13. Anayeikataa sindano leo anarudi kwa hiari yake katika giza lile.

BASI TULEJE?

Watu hutuambia, "Daktari amesema nisile bugali kamwe. Sasa nile nini, mawe?" Twadhani wengi hawakusikia vizuri, au hawakuelezwa vizuri. Mgonjwa wa Bunia hahitaji chakula cha dukani. Anahitaji kuipanga upya sahani yake. Tufuate hivi.

Kwanza, sahani igawanywe. Nusu nzima iwe mboga za majani: lengalenga, matembele, kabichi, sombe isiyoogelea katika mafuta ya mawese. Robo moja iwe maharagi, au samaki wa Ziwa Albert, au yai, au nyama kidogo. Robo iliyobaki ndiyo ya bugali, kiasi cha ngumi ya mlaji mwenyewe. Ikiwa ni mchele, viazi au makemba, ni badala ya bugali, si juu yake. Tumeona watu wanaokula mchele, viazi na bugali katika sahani moja na kusema, "Nimekula vyakula mbalimbali." La hasha! Wamekula chakula kimoja mara tatu.

Pili, mboga na maharagi vitangulie mdomoni, bugali ifuate. Sukari hupanda polepole zaidi, na tumbo lililokwisha kupokea mboga halidai kilima.

Tatu, sukre iondoke kabisa. Chupa ya santilita 33 ina gramu 35 hivi za sukari, yaani vijiko vya chai saba au zaidi. Nani angekaa mezani alambe vijiko saba vya sukari kavu? Lakini kwa chupa tunavimeza kwa dakika mbili, kisha twaomba chupa nyingine. Maji ya matunda yaliyokamuliwa vilevile hupandisha sukari upesi. Tunda lenyewe laliwa: kipande cha papai, chungwa moja, ndizi moja ndogo, si embe tano kwa mfululizo kwa sababu ni msimu. Avoka ni rafiki ya mgonjwa, maana haina sukari nyingi, lakini nusu yatosha.

Nne, chai isiwe na sukari. Anayeshindwa kuacha kwa mara moja apunguze kijiko kimoja kila juma. Ulimi hujifunza kama mtoto wa shule, kwa kurudiarudia. Mandazi ya asubuhi yaachiwe nafasi kwa maharagi yaliyobaki usiku, au yai, au karanga kidogo.

Tano, pombe. Ile ya kienyeji na ile ya kiwandani, zote humharibia mgonjwa hesabu. Tena mwenye kutumia vidonge vinavyosukuma kongosho, kama glibenklamidi, au sindano ya insulini, akinywa pombe bila kula, sukari yaweza kushuka ghafula hata akazimia, na watu wakampita njiani wakisema, "Mlevi huyo."

Sita, miguu. Baada ya kula tembea robo saa. Mwendo wa nusu saa kila siku ni dawa isiyouzwa. Na jioni osha miguu, ikaushe, itazame chini na kati ya vidole. Asiyeweza kuona nyayo zake amwombe mtoto amtazamie. Mzee wetu angekuwa na mguu leo kama mtoto mmoja angeulizwa.

Saba, ajue hatari ya upande wa pili. Mgonjwa anayetumia dawa hizo tulizozitaja akianza kutetemeka, kutoka jasho, kuona njaa kali na kuchanganyikiwa, sukari imeshuka mno. Hapo, na hapo tu, mpeni sukre au maji ya sukari mara moja, ikiwa anaweza kumeza, kisha ale. Akiwa amezimia msimtie kitu mdomoni, mkimbizeni hospitali.

Ninyi akina mama mtasema, "Je, tupike vyungu viwili?" Hapana. Chungu ni kimoja. Sahani tuliyoieleza ni njema kwa mume, kwa mke na kwa watoto wote. Damu ya baba ikiwa na ugonjwa huu, watoto nao wako karibu nao kuliko wengine. Kuwapikia chakula cha baba ni kuwakinga. Na ninyi akina baba, mara nyingi twamsikia mume akimlaumu mke aliyeugua kwamba anatupa fedha kwa mboga. Fedha ya chupa zako za Jumapili ingenunua mafungu mangapi ya lengalenga? Fanya hesabu hiyo kabla ya kumlaumu.

NENO KWA PAROKIA ZETU

Katika kitabu cha nabii Danieli, sura ya kwanza, twasoma habari za vijana waliokaa katika nyumba ya mfalme, wakakataa vyakula vyake, wakaomba mboga na maji kwa siku kumi. Mwisho wa siku hizo walionekana wenye afya kuliko waliokula meza ya mfalme. Twasimulia habari hizo kwa watoto wa katekisimu kila mwaka. Lakini Danieli akija karamuni kwetu Nyakasanza leo akaomba mboga na maji, tutamcheka.

Twafundisha kwamba ulafi ni mmoja wa mizizi ya dhambi. Vema. Lakini tusigeuze fundisho hilo kuwa fimbo ya kumpigia mgonjwa, tukisema amevuna alichopanda. Wako walafi wasiougua, na wako wenye kiasi walioupata kwa urithi wa damu au kwa umri. Bwana wetu alipoulizwa juu ya yule kipofu, alikataa kwamba upofu wake ulitokana na dhambi yake au ya wazazi wake. Dhambi tunayoisema leo si ya anayeugua. Ni ya anayemshurutisha. Amri ya tano haimhusu mwenye panga peke yake. Anayejua kwamba ndugu yake ana sukari, akamwekea chupa mbele na kumdhihaki mpaka aimeze, huyo ajitazame dhamiri kabla ya kukaribia meza ya Bwana. Sisi tuliungama.

Kuna watakaosema, "Mnataka kuua furaha ya sikukuu." Hasha! Furaha ya arusi haimo katika kumlazimisha mtu. Twaomba mambo machache tu. Katika kila karamu ya shirika, maji yawekwe mezani kwanza, bila kuombwa, ili anayeyataka asilazimike kueleza ugonjwa wake mbele ya watu. Kila mtu ajipakulie mwenyewe, asipakuliwe. Neno "Siku moja haiui mtu" likomeshwe katika vinywa vyetu, maana siku moja ina ndugu wengi. Wanaowatembelea wagonjwa waulize juu ya miguu, macho na vidonge, si juu ya nani aliyewaroga. Na kila mwaka, Jumapili iliyo karibu na tarehe 14 Novemba, ambayo ni siku ya ugonjwa wa sukari duniani, tuwaombe wauguzi Wakatoliki wa parokia waje na vipimo baada ya Misa. Mtu na apimwe kabla hajaugua.

Na Kwaresima? Sheria ya Kanisa huwadai kufunga watu wazima wenye afya, tangu miaka 18 kamili hata wanapoanza mwaka wa 60. Mgonjwa hafungwi na sheria hiyo. Anayetumia insulini au vidonge vinavyoshusha sukari sana, akishinda na njaa bila kumwuliza daktari, hatoi sadaka, anajihatarisha bure. Yeye anayo tayari saumu yake, nayo ni ya mwaka mzima: kuona sukre na kuiacha, kuona kilima cha bugali na kuchukua ngumi moja. Saumu hiyo haina Pasaka ya kuimaliza. Kama tunamheshimu anayefunga siku arobaini, tumheshimu zaidi huyu.

Jumapili iliyopita tulikuwa na ubatizo katika shirika letu. Mzee wa magongo alikuja. Mama mwenye nyumba ni yule yule aliyenuna siku ile. Hakusema neno. Alichukua bilauri, akaijaza maji, akaiweka mbele ya mzee kabla ya mtu mwingine yeyote kupewa kinywaji, kisha akaweka ya pili mbele yake mwenyewe. Sisi nasi tukaomba maji. Mguu hauwezi kurudi. Lakini mezani pale walikuwapo watu wengine wawili wenye ugonjwa huo, nasi hatukujua mpaka walipoona maji, wakayaomba nao.